Kitenzi Kilichonifukuzisha Riruta kwa Siku Mbili

Kwenye nguzo za stima za Kawangware, kuanzia stendi hadi kule ndani, mtaa wa Kongo, waganga hubandika karatasi zao. Zote zinasema karibu yale yale: kesi, kazi, bwana aliyehama, mali iliyoibiwa, na chini kabisa kwa herufi kubwa, love charms, yaani dawa za mapenzi. Hapo ndipo nilipojifunzia neno charm. Kwangu lilikuwa jina la kitu unachofunga kwenye kitambaa na kuficha chini ya godoro. Sikujua kwamba Waingereza hulitumia pia kama kitenzi, wala kwamba kuna siku mtu angelitumia kunihusu mimi.

Mimi ni mtu wa Kibera, Makina, Mnubi, mjukuu wa mjukuu wa askari wa Kisudani. Kazi yangu ni kutunza wagonjwa na wazee majumbani mwao. Niliisomea, nina cheti, na kazi ninaijua. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wengi wakiona mwanamke amevaa buibui anaingia kwa lango la mwenye nyumba asubuhi, wanadhani amekuja kufua nguo.

Mwaka huo nilipata kazi Riruta, kwa ajuza mmoja Mkikuyu ambaye familia yake ilikuwa pale tangu Riruta ikiwa mashamba. Siku hizi shamba lao lote limejaa fleti za kupangisha, na katikati imebaki nyumba ya mawe ya zamani, ya ajuza mwenyewe. Watu wote walimwita Cucu, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Alikuwa amevunjika nyonga, akapasuliwa, na tangu hapo alikuwa wa kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Mwanawe mkubwa ndiye aliyeniajiri. Aliponionyesha chumba aliniambia ukweli, na kwa hilo nilimheshimu.

"Anti, nisikudanganye. Wewe ni wa tano. Wa mwisho alimwagiwa uji hapa kifuani."

"Ulikuwa moto?"

"Vuguvugu."

"Basi hakutaka kumchoma," nikasema. "Alitaka kuambiwa kitu. Niachie."

Siku ya kwanza Cucu hakunisemesha kabisa. Chumba kilinuka mkojo na dawa ya kuchua. Alikuwa amelala akitazama ukuta, na nilipomletea chakula alifunga mdomo kama mlango. Nilikaa nikamtazama mikono. Ilikuwa mikono mikubwa, yenye nguvu. Baadaye niliambiwa alikuwa ameuza viazi sokoni zaidi ya miaka thelathini, anabeba gunia mwenyewe. Nikawaza: mtu kama huyu, wale wenzangu wanne walikuwa wakimlisha kwa kijiko huku wakisema "fungua mdomo, Cucu". Hata mimi ningemwaga uji.

Siku ya pili nilimwekea kijiko mkononi, nikaweka bakuli juu ya kimeza mbele yake, nikavuta kiti changu nikaanza kunywa chai yangu nikitazama dirishani. Sikumwangalia. Baada ya muda nikasikia kijiko kikigonga bakuli.

Lakini kilichonifungulia mlango kweli ni ulimi wangu mbovu. Cucu alijua Kiswahili cha soko tu, na tangu avunjike alikuwa amekiacha hata hicho, akawa anasema Kikuyu peke yake. Nikaamua nitajifunza. Mpangaji mmoja alinifundisha maneno kumi, nikayaandika nyuma ya mkono. Asubuhi nikamwendea Cucu kwa kujiamini kabisa nikamuuliza, kwa Kikuyu, kama anataka maji ya kunywa. Sasa, maji kwa Kikuyu na kinyesi kwa Kikuyu ni maneno yanayokaribiana sana, tofauti yake ni jinsi unavyomaliza irabu ya mwisho. Mimi sikuijua hiyo tofauti. Nilisimama pale na glasi mkononi, na adabu zangu zote, nikamuuliza mama wa watu kama angependa kunywa mavi.

Alinigeukia. Ndiyo mara ya kwanza aligeuka kutoka ukutani. Akanitazama, akatazama glasi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kifua, mpaka akashika nyonga kwa maumivu na bado anacheka.

"Kunywa wewe kwanza," akaniambia kwa Kiswahili.

Kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wangu. Kila asubuhi alinipa maneno matano, na jioni kabla sijaondoka alinitahini. Nikikosea ananichapa kwenye mkono na vidole viwili. Nguo zangu zilinukia udi, maana nyumbani kwetu mwanamke hatoki bila kujifukiza, naye akaniuliza ni harufu gani hiyo. Nikamletea chetezo kidogo na udi kwa karatasi. Chumba kikabadilika. Alipoona hina kwenye kucha zangu akanyoosha mkono wake, nami nikampaka. Alikuwa akikaa dirishani kwenye kiti chake akitazama zile kucha nyekundu kama msichana.

Nitasema wazi kwamba sikufanya hayo yote kwa bahati. Nilipoambiwa mimi ni wa tano, nilijiambia kwamba wa sita hatakuwepo. Nilitaka anipende. Nilimsoma, nikatafuta alipo mlango, nikaingia.

Kuna mtu aliyeyatazama haya yote kwa macho mengine, naye ni mke wa yule mwana mkubwa. Alikaa fleti ya mbele, ng'ambo ya ua. Kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa amempikia mama mkwe wake, amemfulia, amempeleka kanisani kila Jumapili. Sasa anamsikia akicheka na mgeni ambaye hata kanisani haendi. Jumapili moja alikuja kumwogesha, ilikuwa siku yangu ya kupumzika, na Cucu akakataa. Akamwambia atangoja Jumatatu. Nilipoambiwa nilifurahi, na leo sijivunii ile furaha. Nilipaswa kufikiria huyo mwanamke alisikiaje, akirudi kwake na beseni na maji yangali moto.

Cucu alikuwa na binti ng'ambo. Huyu alizoea kumpigia mama yake simu ya video, na siku moja Cucu alimwonyesha kucha na kumcheka jinsi alivyonenepa. Binti akafurahi mno. Akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp, kwa Kiingereza, ujumbe mmoja mfupi kunihusu: She has completely charmed Mum.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilipofika nilimkuta mke wa mwana mkubwa chumbani kwa Cucu, na pamoja naye akina mama wawili wa kikundi chake cha maombi. Godoro lilikuwa limeinuliwa upande mmoja. Cucu walikuwa wamempeleka kwenye kiti chake barazani, nami nikamsikia akigombana na mtu kwa Kikuyu huko nje.

"Anti, simama hapo hapo," mke wa mwana mkubwa akasema. Alikuwa ameshika chetezo changu kwa ncha za vidole. "Hii ni nini unachomea mama yetu?"

"Ni udi."

"Wa nini?"

"Wa kunukia."

"Na hii nyekundu umempaka kwa mikono?"

"Hina. Yeye mwenyewe aliitaka."

Akanionyesha simu. Ujumbe ulikuwa pale, na lile neno. "Hata dada yetu aliye huko mbali ameona. Ameandika mwenyewe. Kwamba umemfanyia mama charms."

Nilisoma ule mstari mara mbili. Nitakiri jambo: hata mimi neno lile lilinitia baridi. Nilichokiona kichwani ni zile karatasi za kwenye nguzo. Nikajiuliza, kweli yule binti, ambaye kila akipiga simu ananiita dada yangu, ameandika hivi?

"Sijamfanyia chochote kibaya," nikasema. "Mimi ni mtu wa kazi."

"Enda nyumbani. Tutakupigia."

Mmoja wa wale akina mama alianza kuomba kwa sauti. Nikavaa viatu. Barazani Cucu aliniona nikipita na mkoba, akaniita kwa neno la Kikuyu alilokuwa amenipa mwezi ule, lenye maana ya "ngoja". Sikungoja. Niliogopa kwamba nikisimama nitalia mbele yao, na hilo sikutaka kuwapa.

Nilitembea kutoka Riruta hadi Makina, sikupanda gari. Njiani, pale Dagoretti Corner, nilisimama nikaliandika lile neno kwenye simu ili linitafsirie. Simu ikaniletea maneno mawili: haiba, hirizi. Nikabonyeza tena, upande wa vitenzi. Ikaniletea: kuroga.

Nyumbani sikumwambia mama yangu. Nilikula, nikaswali, nikalala na hasira. Nilipoamka Jumapili hasira ilikuwa imepoa kidogo na kichwa kimeanza kufanya kazi. Nikamkumbuka mwalimu wangu wa Kiingereza wa darasa la nane. Alikuwa angali anafundisha katika shule ya mabati kule Gatwekera, upande mwingine wa Kibera, na anaishi karibu nayo, chumba kimoja chenye vitabu hadi juu ya kabati la vyombo. Nilimkuta akichambua sukuma wiki mlangoni.

"Sasa wewe," akasema. "Umekuja kunisalimia ama umekuja na shida?"

"Nimekuja na kitenzi, Tichee."

Alicheka. Lakini nilipomweleza yote, aliweka kisu chini, akapangusa mikono, akaingia ndani kutafuta kamusi yake kubwa ya Kiingereza, ile yenye jalada lililoshikwa na selotepu. Akanisomea polepole, akifuata kwa kidole.

"Sikiliza. Mtu aki-charm mtu mwingine, maana yake amemfurahisha mpaka yule akampenda. Kwa maneno yake, kwa tabia, kwa uchangamfu. Mgeni anaweza ku-charm wenyeji. Mtoto anaweza ku-charm chumba kizima. Ni sifa. Huyo binti alikusifu."

Nilipumua. "Basi nitawaambia hivyo."

"Sijamaliza," akasema, na kidole chake kikashuka. "Maana ya pili. Kutenda jambo kwa nguvu za uchawi. Nyoka hu-charmiwa, kama wafanyavyo wachezesha nyoka, unaona? Neno lilianza huko kwa waganga, halafu watu wakaanza kulitumia kwa mzaha, kama vile sisi tunavyosema msichana fulani amemroga kaka yetu, na hakuna anayefikiria dawa."

"Hiyo ya pili nitaiacha."

"Utaiacha?" Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa na miaka kumi na minne na jibu la kubahatisha. "Wana simu, hao watu. Ukiwasomea nusu na wakapata nusu nyingine wenyewe, umekwisha. Wasomee yote. Na kuna kitu kingine. Mtu anaweza kupendwa bila kujua. Lakini aliyem-charm mwenzake mara nyingi alijua anachofanya. Alikusudia. Wewe ulikusudia?"

"Ndiyo," nikasema. "Nilikusudia."

"Basi liseme hilo bila aibu. Si kosa."

Tukakaa pale mlangoni tukitafuta Kiswahili chake. Kumpendeza halikutosha, maana hata nguo hupendeza. Kumteka lilisikika kama nimembeba kwa nguvu. Kumnasa ni la mtego. Mwalimu akapendekeza kumteka moyo, mimi nikasema kumwingia moyoni, na tukabishana hadi sukuma wiki ikaanza kunyauka juani. Mwishoni nilimwambia nitachagua nikifika.

Jumatatu nilienda bila kupigiwa simu. Nilivaa buibui langu zuri na nikajifukiza udi, kusudi. Mwana mkubwa ndiye aliyenifungulia lango, na nikaona kutoka usoni mwake kwamba nyumba haikuwa imelala vizuri.

"Hajala tangu Jumamosi," akasema. "Ametupa kikombe."

"Nimekuja kuongea na familia. Mbele ya Cucu mwenyewe. Halafu mkitaka niende, nitaenda."

Alifikiria, kisha akaenda kumwita mkewe. Tukakaa sebuleni: yeye, mkewe, mimi, na Cucu kwenye kiti chake amejifunika shali, hanitazami. Mwana mkubwa akampigia dada yake ng'ambo, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai ili sote tumwone. Kumbe binti wa watu hakuwa na habari. Alipoelezwa alishika kichwa.

"Mimi? Nimesema amemroga Mama? Jamani, nilikuwa nafurahi! Mama alikuwa anacheka!"

"Lakini neno ni charm," mke wa mwana mkubwa akasema. "Si charm ni charm?"

Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikawaeleza maana ya kwanza, kumwingia mtu moyoni, na mifano aliyonipa mwalimu. Binti kwenye simu akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, hiyo. Halafu nikavuta pumzi nikasema, "Na ina maana nyingine. Inaweza kuwa uchawi. Kamusi imeandika zote mbili, na siwezi kuwaficha."

Mwana mkubwa akaegemea mbele.

"Kwa hivyo wewe ulifanya ipi?"

"Ya kwanza. Na niliifanya nikijua. Nilikuja hapa nikakuta watu wanne wameshindwa, nikaamua sitashindwa. Nilijifunza Kikuyu kwa sababu nilitaka Cucu aongee na mimi. Udi nilileta kwa sababu aliuliza. Kama hiyo ni dawa, basi ndiyo dawa yangu, na naweza kumfundisha yeyote hapa bure."

Mke wa mwana mkubwa akafungua mdomo, lakini aliyesema ni Cucu. Alikuwa amesikiliza muda wote akijifanya amesinzia. Alisema kwa Kiswahili chake cha soko, nafikiri ili mimi nisipitwe na neno hata moja.

"Nyinyi mnauliza huyu amenifanyia nini. Hakuna mtu ameuliza mimi nimemfanyia nini."

"Mama?" mwanawe akasema.

"Wale wanne nilifukuza kwa sababu nilitaka waende. Huyu nilitaka akae. Kila asubuhi najiambia, leo usitupe kikombe. Leo mfundishe maneno. Leo cheka. Mnafikiri ni rahisi, na hii nyonga?" Akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Wewe unafikiri ni wewe ulinishika. Mimi ndiyo nilikushika."

Binti kwenye simu alianza kucheka na kulia pamoja. Wiki zote zile nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba ninafanya kazi yangu kwa ustadi, kumbe upande wa pili wa kile kimeza kulikuwa na mfanyabiashara mkongwe kunizidi, anafanya kazi ile ile.

Kisha Cucu akamtazama mke wa mwanawe, na sauti yake ikawa ngumu. "Na wewe. Miaka hii yote hujaniambia neno baya. Wala zuri. Unaniosha kama sufuria."

Nilitamani asingesema hivyo. Yule mwanamke alilaza mikono mapajani. Halafu akasema taratibu, na hakuwa anasema nami wala na mumewe.

"Nilipoolewa hapa nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Mama. Nilikuwa nakuogopa. Nilikuja na chai nikakusalimia, ukaniambia sukari ni nyingi. Kesho yake ukasema ni kidogo. Nikaacha kuongea, nikafanya kazi tu. Ungenipa nafasi gani?"

Cucu akaanza kuvuta nyuzi za shali. Nikasimama nikasema naenda jikoni kupika chai. Hayo yaliyobaki yalikuwa ya familia, na hayakunihitaji. Nikiwa jikoni nilizisikia sauti zao mbili, ya Cucu na ya mke wa mwanawe, kwa Kikuyu, zikipanda na kushuka. Maneno matano kwa siku hayakuwa yamenifikisha mahali pa kuzielewa, na nilishukuru. Niliporudi na sinia, mwana mkubwa alikuwa dirishani amegeuza mgongo, simu imezimwa, na mkewe alikuwa amepiga magoti akimvalisha Cucu soksi.

Hakuniomba msamaha siku hiyo. Aliniambia tu, "Anti, keti unywe na wewe," na kwa vile alikuwa hajawahi kuniambia hivyo, nikakaa nikanywa.

Nilifanya kazi pale miaka miwili zaidi. Sitasema kwamba mambo yote yalinyooka. Cucu na mke wa mwanawe waliendelea kupigana vita vidogo vidogo, lakini sasa walipigana kwa maneno, na mara nyingine nikamsikia yule mwanamke akimjibu mama mkwe wake jambo la kuchekesha hadi ajuza akanyamaza kutafuta jibu. Siku za Jumapili akawa anamwogesha yeye. Cucu alifariki asubuhi moja ya mvua, mimi na mke wa mwanawe tukiwa chumbani. Tulimwosha pamoja. Hatukusemezana, na hakuna aliyehitaji kumwonyesha mwenzake la kufanya.

Baada ya mazishi nilipata kazi nyingine, Kilimani, kwa mzee aliyepooza. Ilikuwa imepita kama mwaka nilipopigiwa simu na namba ya Riruta. Ni mke wa mwana mkubwa. Alikuwa amelazwa, anafanyiwa upasuaji wa nyongo Alhamisi, mumewe amesafiri na watoto wana mitihani.

"Nina dada wawili na kikundi kizima cha maombi," akasema. "Watakuja. Lakini nataka ukae na mimi siku ya kwanza nikiamka. Hutaongea sana, najua."

"Naweza kuongea sana pia."

"Usiongee. Keti tu."

Nikaomba ruhusa kazini. Alhamisi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, na alipofungua macho alinitafuta kwanza upande wa kushoto, kisha kulia, akaniona, akayafunga tena.